Kupanga Huduma za Zahanati Pamoja na Wananchi: Mwongozo Kamili kwa Kamati, Mganga Mfawidhi na Uongozi wa Kijiji

Zahanati za umma Tanzania Bara huwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe waliotoka kwa wananchi. Mihtasari ipo kwenye faili, mahudhurio yamesainiwa, muhuri umegongwa. Lakini muulize mama wa kitongoji cha mwisho kama anamjua mjumbe wake, atakuuliza kamati gani tena hiyo. Siku ya kliniki, saa ya kufungua mlango, mahali pa kupeleka huduma ya mkoba (ile inayowafuata watu vitongojini) na matumizi ya fedha vimeshaamuliwa na watu wawili watatu wanaokaa karibu na zahanati, na mara nyingi wameamua kwa nia njema kabisa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuibadili hali hiyo kwenye zahanati moja, kwa kutumia kamati na vikao ambavyo tayari vipo kisheria. Nimefuata mfumo wa Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya atabadilisha majina tu: huko afya iko mikononi mwa kaunti, ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inataja haki ya afya, na sheria ya 2023 inaviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yake. Msimamo wangu ni kwamba wa kusikilizwa kwanza ni yule asiyekuja zahanati, na alichosema kisipoingia kwenye mpango na bajeti ya kituo, mmepiga soga tu.

1. Jueni kwanza mnaloweza kuliamua

Kabla ya kumuuliza mwananchi chochote, kaeni mganga mfawidhi, mwenyekiti wa kamati na mtendaji wa kijiji mgawe mambo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale yanayoamuliwa zahanati penyewe: mpangilio wa foleni, siku za kliniki ya mama na mtoto, faragha ya chumba cha ushauri, vituo vya huduma ya mkoba, lugha inayotumika dirishani, na sehemu ya fedha za kituo. Fungu la pili ni ya halmashauri: idadi ya watumishi, ukarabati mkubwa, gari la wagonjwa, pikipiki ya chanjo. Hayo hupelekwa kwa mganga mkuu wa halmashauri na timu yake, na kupitia kwa diwani kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. La tatu ni ya wizara: dawa zipi zitolewe ngazi ya zahanati, sera ya misamaha, viwango vya bima.

Gawio hili libandikwe ukutani siku ya mkutano. Mkutano wa hadhara usio nalo huishia kudai daktari bingwa na mashine ya eksirei. Mganga mfawidhi anaitikia kwa kichwa, watu wanarudi nyumbani wakijua hakuna kitakachokuja, na ukiwaita tena baada ya miezi sita watakutumia watoto.

2. Fungueni rejista kabla ya kuitisha mkutano

Vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, vinajazwa kila siku, kisha vinatumwa wilayani kama jumla. Kijijini hakuna anayevisoma kwa kitongoji, na humo ndimo ukweli ulimolala. Kila mgonjwa ameandikiwa anakotoka. Chukueni miezi mitatu iliyopita ya kitabu cha wajawazito, cha watoto na cha wagonjwa wa nje, mhesabu kwa kitongoji.

Kazi hii aifanye muuguzi au mganga mwenyewe. Wajumbe wa kamati wasipekue rejista zenye majina na magonjwa ya majirani zao. Wao wapewe namba tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina vitongoji vinne, kila kimoja na kaya kati ya 110 na 140. Mahudhurio ya kwanza ya wajawazito kwa miezi mitatu ni 16, 14, 11, na kitongoji cha nne 2. Hakuna sababu ya wanawake wa kitongoji cha nne kuacha kushika mimba. Ama wanakwenda zahanati ya kijiji jirani, ama wako kwa mkunga wa jadi, ama mto umewakatia njia tangu mvua za masika. Mkutano wa kijiji usingewaambia hili, kwa sababu watu wa kitongoji cha nne huwa hawaji hata mkutanoni.

Tazameni pia kilichokatika njiani: wajawazito walioanza kliniki wakapotea kabla ya hudhurio la nne, watoto waliopata chanjo ya kwanza wasirudi kwa ya tatu. Asiyekuja kabisa huenda hajui au hafiki. Aliyekuja akaacha, aghalabu kuna jambo alikutana nalo ndani ya zahanati.

3. Wafuateni walipo

Mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, ndipo pa kupitisha uamuzi. Kwa kusikiliza haufai kitu. Pale wanaume wazee wanazungumza, vijana wanasimama nyuma, wanawake wanakaa chini upande wao. Binti wa miaka 17 mwenye mimba hatanyosha mkono mbele ya baba yake mdogo aseme muuguzi alimsimanga.

Kwa hiyo gawanyeni watu makundi madogo ya watu sita hadi kumi, wanaofanana. Wake walioolewa peke yao, mabinti peke yao, vijana wa kiume, wazee. Kisha wale wasioorodheshwa popote: wafugaji wanaohama na ng'ombe, wavuvi wanaokaa dago wiki kadhaa, wachimbaji wadogo, vibarua wa mashamba waliotoka mkoa mwingine, watumishi wa majumbani. Watu wenye ulemavu wasikusanywe kundi moja kwa mazoea: kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama au ndugu anayemwamini, na mwenye kiti cha magurudumu anataka mje muone ngazi za mlangoni.

Wakati nao una maneno yake. Kwa wavuvi nendeni baada ya kuuza samaki. Kwa wafugaji, siku ya mnada, chini ya mti, kabla hawajaanza safari ya kurudi. Kwa wakulima, msije msimu wa kupalilia. Kwa akina mama, kikao cha vikoba ni dhahabu: wameshakusanyika, wanaaminiana, na wana desturi ya kila mmoja kusema.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio viungo vyenu hapa, maana wanaijua kila kaya. Lakini wasiendeshe mazungumzo yanayohusu kazi yao wenyewe. Aongoze mwalimu, ofisa maendeleo ya jamii au mtu wa asasi, asiyelipwa na zahanati na asiyegombea cheo. Mwaka wa uchaguzi kuweni macho zaidi: kikao cha afya hugeuzwa jukwaa kabla hata soda hazijafunguliwa.

Na posho? Semeni mapema, wazi. Mkulima akipoteza asubuhi nzima amepoteza kitu. Nauli na chai vinatosha kwa kikao cha saa mbili. Posho nono huleta walewale wenye jina kwenye kila orodha, na mkiishiwa fedha ushirikishwaji nao umekwisha.

4. Ulizeni juu ya safari, msiulize juu ya kuridhika

Swali la "Mnaridhika na huduma?" lina jibu moja: "Tunashukuru, zipo zipo." Mtu hawezi kuitukana zahanati pekee aliyonayo mbele ya wageni. Ulizeni hivi:

"Mara ya mwisho mtoto wako alipopata homa usiku, ulianza kufanya nini?"

Halafu mfuate msimuliaji hatua kwa hatua. Panadol ya dukani ilinunuliwa na nani? Nani aliruhusu safari? Bodaboda alidai kiasi gani, fedha ilitoka wapi? Mlifika saa ngapi, nani alikuwa pale, alisemaje? Dawa mlipewa zote au mliandikiwa mkanunue? Mlirudi lini, na kazi gani ililala? Chora njia hiyo ardhini kwa kijiti, weka jiwe kila palipokwama. Baada ya wasimuliaji watano au sita mawe yatarundikana mahali pamoja.

Hapo ndipo mnapokutana na mambo ambayo hakuna mtaalamu angeyakisia. Kliniki ya wajawazito imewekwa Jumanne, na Jumanne ni siku ya gulio, siku pekee ambayo mwanamke anashika fedha yake mwenyewe. Wanaofuata dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wanaitwa kwenye benchi lao upande wa pili, kijiji kizima kinajua maana ya benchi lile. Mjamzito ameambiwa aje na mwenza, mwenza yuko mgodini, anarudishwa nyumbani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji jengo jipya.

Jambo la wazee linastahili kusimuliwa kwa kirefu. Sera ya Afya ya 2007 inatoa huduma bila malipo kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Maneno "wasio na uwezo" ndiyo yanayomsumbua bibi. Anaambiwa alete barua ya mtendaji. Mtendaji yuko semina. Anarudi Alhamisi, mtendaji yupo lakini muhuri umefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mwenyekiti. Safari ya tatu hafanyi, anachemsha mwarobaini. Kwa takwimu za zahanati, bibi huyu hakunyimwa huduma, kwa kuwa hajaandikwa popote. Dawa ya tatizo hili ni siku moja ya kazi: mtendaji na ofisa ustawi wa jamii wazunguke vitongoji, waandikishe wazee wanaostahili, orodha isomwe na kuthibitishwa, nakala ikae zahanati. Bibi akifika, jina lake lipo.

5. Wahudumu nao wapewe kikao chao

Mkiruka hatua hii mtavuna uadui. Zahanati nyingine ina watumishi wawili: mmoja yuko likizo, mwingine amezalisha usiku kucha, asubuhi anakuta watu 40 kwenye benchi. Akijibu vibaya, mgonjwa anaona jeuri. Yeye hajala.

Wahudumu waulizwe maswali yaleyale ya safari: siku yako inaanzaje, wapi unakwama, jambo gani wananchi hulifanya linakuongezea mzigo? Mtasikia kuhusu nyumba ya mtumishi inayovuja, maji ya kuchota mbali, wagonjwa wanaokuja saa 4 wote kwa pamoja, na viongozi wanaotaka kuhudumiwa bila foleni. Mengine kijiji kinaweza kuyamaliza chenyewe ndani ya wiki. Nimeona wananchi wakichukulia uchakavu wa nyumba ya muuguzi kama shida ya Serikali hadi walipoambiwa kwamba ndiyo inayomfanya asilale zahanati.

6. Kikao cha uso kwa uso

Sasa wakutanisheni. Njia inayofahamika zaidi ni kadi ya alama ya jamii, ambayo shirika la CARE lilianza kuitumia Malawi mwaka 2002. Kila kundi huchagua mambo matano au sita ya kupima, mathalani muda wa kusubiri, kauli, dawa, faragha na gharama za njiani, kisha hutoa alama kutoka 1 hadi 5. Wasiojua kusoma wanapiga kura kwa maharage kwenye vikombe vyenye picha. Wahudumu nao wanajipima kwa mambo hayohayo. Siku ya kikao, alama za makundi yote huwekwa pamoja bila kutaja nani alisema nini.

Faida yake kubwa ni tofauti kati ya makundi. Wazee wameipa "kauli" 4, mabinti wameipa 1. Muuguzi anajitetea: "Jamani, mimi sijawahi kumfokea mtu." Mwongozaji asianze kutafuta mwongo. Aulize: "Binti akija peke yake, swali la kwanza analoulizwa dirishani ni lipi?" Jibu likiwa "Umeolewa?", ukumbi mzima umeshaelewa alama ya 1 ilitoka wapi.

Mipaka iwekwe mwanzoni: hakuna kutaja jina la mhudumu wala la mgonjwa. Tuhuma za rushwa, za kudhalilishwa au kifo kilichotokana na uzembe zisijadiliwe hapa. Zina njia zake kwa mganga mkuu wa halmashauri, TAKUKURU au polisi. Kikao kikigeuka mahakama, wahudumu hawatarudi tena.

7. Chagueni machache, myajaribu

Mtatoka na orodha ndefu. Chagueni matatu: moja linalowezekana wiki hiyohiyo bila senti, moja la fedha za kituo, na moja la kupeleka juu. La kwanza likionekana mapema, watu wataamini hayo mengine.

Kuhamisha kliniki kutoka siku ya gulio kwenda siku nyingine, kwa mfano, lifanyeni kama jaribio la miezi miwili kwanza. Huenda siku mpya ikawafaa wa kitongoji cha nne na kuwaumiza wa kitongoji cha pili. Kwenye huduma ya mkoba, wanawake wenyewe wachague mti au nyumba ya kukutania. Mkichagua uani kwa mwenyekiti wa kitongoji, wapinzani wake hawataleta watoto. Chumba cha ushauri kikikosa mlango, pazia zito na redio ikiwaka nje vinasaidia wakati mnatafuta fundi.

Kuhusu usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, msibuni upya kilichopo. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, unaita magari ya wagonjwa au madereva wa jamii waliosajiliwa kupitia namba 115 bila malipo. Kazi ya kijiji ni kuhakikisha madereva wake wamesajiliwa, namba imeandikwa ukutani kila kitongoji, na kwamba mjamzito haambiwi kwanza asubiri ruhusa ya shemeji.

8. Ingizeni kwenye mpango, bajeti na muhtasari

Juhudi nyingi huzimikia hapa, kwa sababu ya kalenda tu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpango wa kituo unaandaliwa miezi mingi kabla, ili uingie kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Mkimaliza mazungumzo yenu Mei, mmechelewa kwa mwaka mzima. Muulizeni katibu wa afya wa halmashauri tarehe ya mwisho, kisha hesabuni kurudi nyuma: vikundi vikae baada ya mavuno, kikao cha uso kwa uso kabla ya Novemba.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, badala ya kukaa wilayani. Zikijumlishwa na malipo ya papo kwa papo na yale ya bima, zahanati ina fungu lake, dogo lakini lake, na kamati ndiyo inayojadili na kuridhia matumizi. Mjumbe asiyejua kiasi kilichomo kwenye akaunti hana anachokisimamia. Katika kila kikao cha kawaida, ajenda ya kwanza iwe taarifa ya fedha: zilizoingia, zilizotoka, salio. Nakala ibandikwe ubao wa matangazo, kwa Kiswahili cha kawaida: "Tumenunua dawa kwa shilingi kadhaa, tumemlipa mlinzi kadhaa." Na dawa za MSD (Bohari ya Dawa) zinapofika, wajumbe wawe pale zinapohesabiwa.

Muhtasari uandikwe kwa namna inayobana. "Wajumbe walisisitiza uboreshaji wa huduma" hakumfungi mtu. Andikeni: "Kliniki ya wajawazito itahamia Ijumaa kuanzia tarehe 1 mwezi ujao, mhusika muuguzi wa zamu, mwenyekiti wa kitongoji cha nne atatangaza." Kisha pelekeni azimio mkutano mkuu wa kijiji, lisomwe na lipitishwe. La kwenda juu lipewe diwani kwa maandishi, nakala kwa mganga mkuu, na ombeni barua ya kupokelewa.

9. Sanduku la maoni

Ufunguo wake uko kwa nani? Ukiwa kwa mganga mfawidhi, sanduku ni pambo. Wekeni kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti wa kamati, mwingine kwa mjumbe mwanamke, lifunguliwe siku inayojulikana mbele ya wote. Majibu yabandikwe ubaoni, hata yale ya "hili hatuliwezi, na sababu ni hii". Asiyeandika apewe mjumbe wa kumwambia kwa mdomo.

10. Pimeni kwa rejista ileile

Baada ya miezi mitatu na sita, hesabuni tena kwa kitongoji. Je, wale 2 wa kitongoji cha nne wamefika 7? Zahanati nzima inaweza kuongeza wateja huku pengo likipanuka, kama walioongezeka wote ni wa jirani. Namba ya kutazama ni tofauti kati ya kitongoji cha kwanza na cha mwisho.

Msitarajie miujiza. Utafiti uliofanyika Uganda kwenye wilaya 9 na kuchapishwa 2009 uliripoti kwamba vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilipungua kwa theluthi moja baada ya wananchi na wahudumu kukaa na kupanga pamoja. Dunia ya misaada ilishangilia. Jaribio kubwa zaidi lililofuata hukohuko Uganda halikuona upungufu huo wa vifo, na jingine lililohusisha vijiji 200 vya Tanzania na vingine 200 vya Indonesia halikubadili kwa wastani matumizi ya huduma za uzazi. Ninavyosoma mimi, mazungumzo yasiyoshika fedha wala watumishi yana mwisho wake wa karibu. Ndiyo maana hatua ya 8 nimeiweka mbele ya sanduku la maoni na mapambo mengine yote.

Namba zikikataa kupanda, rudini kitongoji cha nne kabla ya kulaumu mtu, mkaulize safari ya mwisho ilikuwaje.

Na kamati ikimaliza muda wake, wajumbe wapya wakabidhiwe faili lenye hesabu za vitongoji, alama za kila kundi, maazimio na yaliyokwama, na mjumbe mmoja wa zamani akae nao vikao viwili vya kwanza. Wakati wa kuchagua wapya, kitongoji ambacho hakijawahi kutoa mjumbe kianze kuulizwa jina.